8GB Zinatosha? Zinamtosha Nani?

Leo nimekuja na ugomvi, kwa hivyo mwenye kikombe cha chai aketi vizuri.

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno. Naisikia kwa wauza kompyuta, kwa wajuaji wa video za kupima kadi, hata kwa marafiki wenye nia njema kabisa: "Gigabaiti 8 zinatosha. Tazama kasi ya kadi, achana na mambo ya memori." Ukiuliza zinatosha kwa kazi gani, unajibiwa "kwa gemu". Gemu gani? "Gemu zote!" Hapo ndipo ninapokasirika. Anayeuliza swali hili mara nyingi si mtu wa gemu zote. Ni kijana aliyeweka akiba miezi sita, ana gemu moja anayoipenda, ameijaza modi mia saba, na anataka kujua anunue kadi ipi ya grafiki. Halafu anapewa jibu la swali la mtu mwingine.

Msimamo wangu nautoa hapa mwanzoni ili usiseme nimekuzungusha. Kwa gemu iliyojazwa modi, chagua memori ya kadi kwanza, kasi ya chipu ifuate. Na memori hiyo haichaguliwi kwa uvumi, inapigiwa hesabu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo tunafungua daftari.

Mgonjwa wetu wa leo: Skyrim

Nachukua Skyrim kwa sababu ndiyo gemu ambayo watu wameirundikia modi kupita kiasi kuliko karibu nyingine yoyote, na kwa sababu historia yake inaonyesha ushauri mbaya unavyozeeka bila kufa. Modi, kwa wageni, ni nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji wenyewe: nyumba mpya, silaha mpya, miti mipya, nyuso mpya, hadithi mpya. Unazipakua, unazipanga, unacheza gemu ambayo kampuni haikuitengeneza.

Skyrim ya Bethesda ilitoka tarehe 11 Novemba 2011 ikiwa programu ya biti 32. Programu ya biti 32 haiwezi kuona zaidi ya gigabaiti 4 za anwani za memori, na Skyrim mwanzoni iliruhusiwa 2 tu, mpaka sasisho la Desemba 2011 lilipoipandisha hadi 4. Isitoshe ilitumia DirectX 9, ambayo kwenye Windows 8 na Windows 10 iliishia kuona takriban gigabaiti 4 za memori ya kadi. Zama hizo, aliyekwambia usihangaike na kadi ya gigabaiti 8 kwa ajili ya Skyrim alikuwa na hoja. Memori ya ziada ingekaa bure kama ghorofa ya pili isiyo na ngazi.

Lakini tarehe 28 Oktoba 2016 ikatoka Special Edition, ya biti 64 na ya DirectX 11. Dari likaondoka. Tangu siku hiyo gemu inaweza kujaza kadi yoyote utakayoipa, na watengenezaji wa modi hawakusubiri kuambiwa mara mbili. Dari liliondoka 2016, ushauri umebaki palepale.

Hesabu yenyewe

Kinachokula memori ya kadi kwenye gemu ya modi hasa ni tekscha. Tekscha ni ile picha inayovishwa juu ya umbo. Ukuta wa mawe ndani ya gemu ni ubao mtupu uliovishwa picha ya mawe. Uso wa mhusika ni kinyago kilichovishwa picha ya ngozi. Modi nyingi nzito za Skyrim kazi yao ni hiyo tu: kuvua nguo za zamani na kuvisha mpya zenye pikseli nyingi zaidi.

Tekscha ya 4K ina pikseli 4096 kwa 4096, yaani 16,777,216. Bila kubanwa, kila pikseli hula baiti 4, jumla megabaiti 64 kwa picha moja. Kwa bahati nzuri kadi za grafiki husoma tekscha zikiwa zimebanwa vilevile, na kwa mfumo wa BC7 kila pikseli hubaki na baiti 1. Sasa tuna megabaiti 16. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya nakala ndogondogo za picha hiyohiyo, ambazo gemu hutumia kitu kinapokuwa mbali. Tumefika megabaiti 21 na ushei.

Kwa mpangilio huohuo:

- Tekscha ya 1K: megabaiti 1.3
- Tekscha ya 2K: megabaiti 5.3
- Tekscha ya 4K: megabaiti 21.3
- Tekscha ya 8K: megabaiti 85.3

Umeona mchezo? Kila ukipanda ngazi moja, unalipa mara nne. Si mara mbili, kama majina yanavyokudanganya.

Tena kitu kimoja hakibebi tekscha moja. Kuna ya rangi, kuna ya mabonde na vilima vidogo inayoambia mwanga uanguke vipi, na kwenye modi za kisasa za PBR kuna ya tatu inayoeleza kung'aa na ukwaru. Tuwe wapole, tuhesabu mbili. Skyrim kwa kawaida hupakia seli 25 zinazokuzunguka, tano kwa tano. Tuseme kwa mfano kwamba ndani ya seli hizo kuna vitu 200 vyenye sura tofauti: mawe, milango, mapipa, miti, nguo za watu, ngozi zao. Hizo ni tekscha 400. Zote zikiwa 2K, unahitaji kama gigabaiti 2.1. Zote zikiwa 4K, unahitaji gigabaiti 8.3. Na hapo hatujagusa maumbo yenyewe, vivuli, milima ya mbali, ENB, fremu zinazochorwa, Windows yenyewe, na kivinjari chako ulichokiacha wazi na vichupo arobaini.

Sasa rudi kwa yule bwana wa "8 zinatosha" umuulize zinatoshaje.

Kasi ni mteremko, memori ni ukuta

Hapa ndipo wanaopima kadi kwa gemu tupu wanapopotosha watu, pengine bila kujua. Wanafikiri memori pungufu na chipu dhaifu ni matatizo ya aina moja. Si kweli.

Waliosoma sayansi ya kompyuta wanaukumbuka ule mchoro wa ngazi: rejista juu kabisa, kache chini yake, kisha memori, kisha diski. Kila ukishuka, nafasi huongezeka na kasi huporomoka. Kadi ya grafiki iko kwenye ngazi hiyohiyo. RTX 4060 ina gigabaiti 8 za memori inayosomwa kwa gigabaiti 272 kwa sekunde. Zikijaa, Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye memori ya kawaida ya kompyuta, na kadi sasa lazima ifuate mizigo hiyo kupitia PCI Express. RTX 4060 hutumia njia 8 tu za PCI Express. Kwenye ubao wa zamani wa kizazi cha 3, na wengi wetu ndio tulio nao, hiyo ni takriban gigabaiti 8 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: mara 34 polepole zaidi.

Tuipime kwa fremu. Ukicheza kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kukamilika. Ndani ya muda huo, njia ya gigabaiti 8 kwa sekunde inaweza kubeba kama megabaiti 133. Hizo ni tekscha sita za 4K. Sita! Umegeuza kichwa sokoni Whiterun, gemu inahitaji tekscha arobaini zilizokuwa zimetupwa nje, na fremu yako imekufa.

Ndiyo maana memori ikijaa gemu haipungui kasi kistaarabu. Inashikwa na kigugumizi. Inakimbia, inasimama, inakimbia, inasimama. Kibaya zaidi, wastani wa fremu unaweza kubaki mzuri karatasini, kwa sababu mikwamo michache mirefu humezwa na fremu nyingi za haraka. Mtu anakuonyesha wastani wa 57 na kukuambia kadi iko sawa. Wastani ni ule wa mtu aliyeweka mguu mmoja kwenye barafu na mwingine kwenye makaa akaambiwa yuko vuguvugu.

Chipu ikikosa kasi, hali ni nyingine kabisa. Unashusha vivuli, unapunguza nyasi, unachagua ENB nyepesi, unapunguza vipimo vya skrini, na kila hatua inakurudishia kitu. Huo ni mteremko, unaweza kushuka taratibu hadi unapopataka. Memori ukiikosa unagonga ukuta, na huwezi kuongeza hata kijiko kimoja, maana memori ya kadi imelehemiwa ubaoni. Kompyuta unaweza kuiongezea RAM wiki ijayo ukipata hela. Kadi ya grafiki unaishi nayo ilivyozaliwa.

Nina kingine mahususi kwa Skyrim. Injini yake imefunga fizikia ya vitu na kasi ya fremu, kiasi kwamba ukiiacha ipite 60 bila modi ya kurekebisha, vikombe na masahani huanza kurukaruka mezani. Watu wengi kwa hiyo huiacha kwenye 60. Sasa niambie, kadi inayoweza kutoa fremu 110 kwenye gemu iliyofungwa 60 inakusaidia nini kama kila ukiingia mjini inakwama?

Mfano wa kadi mbili

RTX 3060 Ti ilitoka Desemba 2020 kwa dola 399 ikiwa na viini 4864 vya CUDA na gigabaiti 8. RTX 3060 ikaja Februari 2021 kwa dola 329, viini 3584 na gigabaiti 12. Kwenye gemu tupu, Ti humwacha mwenzake mbali, na hilo silipingi. Kila jedwali lilisema nunua Ti kama una uwezo.

Kwa Skyrim ya modi nzito, mimi ningechukua ile ya bei nafuu bila kufikiri mara mbili. Viini elfu moja na ushei vya ziada havitakusaidia kuingiza gigabaiti 10 kwenye debe la gigabaiti 8. Kadi zote mbili sasa ziko sokoni kama mitumba, kwa hiyo swali hili si la makumbusho. Kuna mtu atakutana nazo wiki hii kwenye kaunta moja na ataambiwa Ti "ni kali zaidi". Kali kwa nani?

Jina moja, mizigo miwili

Kampuni nazo hazijasaidia. Mwaka 2014 Nvidia ilitoa GTX 970 ya gigabaiti 4. Januari 2015 ikajulikana wazi kwamba ni 3.5 tu zilizokuwa za kasi kamili, nusu gigabaiti iliyobaki ilikuwa polepole mno. Kesi ilifunguliwa Marekani, na mwaka 2016 kampuni ikakubali kuwalipa wanunuzi wa huko dola 30 kwa kila kadi. Mwaka huohuo wa 2016 ikaja GTX 1060 ya gigabaiti 6 na GTX 1060 ya gigabaiti 3, jina moja, lakini ya pili ilipunguzwa hadi viini 1152 kutoka 1280. Mwaka 2022 jina la RTX 3060 likapewa kadi nyingine ya gigabaiti 8, na njia ya memori ikapunguzwa kutoka biti 192 hadi 128. Mwaka 2023 RTX 4060 Ti ikaja kwa 8 na 16, tofauti ya dola 100. Mwaka 2025 RTX 5060 Ti ikaja vilevile kwa 8 na 16, na AMD nao, ambao mashabiki wao hupenda kujitoa kwenye lawama, wakafanya hivyohivyo na RX 9060 XT. Safari hii tofauti ilikuwa dola 50.

Dola 50! Kwa dola 50 unaongeza memori maradufu kwenye kadi ambayo utaitumia miaka mitano. Halafu mtu anasimama na kutetea toleo la 8 kama "chaguo kwa wanyonge". Mnyonge ndiye hasa asiyeweza kununua mara mbili.

Najua bei za uzinduzi si bei za dukani Nairobi, na najua tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda sana kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinanunua kila kilichopo. Kwa hiyo usitembee na bei za kwenye makala za zamani. Uliza bei ya leo ya matoleo yote mawili, kisha gawanya tofauti hiyo kwa miaka utakayokaa na kadi.

Dukani

Kuna duka moja jijini, jina nalihifadhi, nilikoonyeshwa kompyuta "yenye grafiki ya gigabaiti 12". Muuzaji alifungua DxDiag, akanionyesha kwa kidole: jumla ya memori, megabaiti elfu kumi na mbili na kitu. Ni kweli namba ilikuwepo. Lakini jumla hiyo ya DxDiag huunganisha memori ya kadi yenyewe na RAM ya kawaida ambayo Windows iko tayari kuikopesha. Kadi ilikuwa na 4. Nane zilizobaki zilikuwa upande wa pili wa ile njia nyembamba tuliyoihesabu hapo juu.

Dawa yake ni rahisi. Fungua Task Manager, nenda sehemu ya utendaji, chagua GPU. Utaona namba mbili: memori maalumu ya kadi na memori ya kushirikiana. Ya kwanza ndiyo unayonunua. Ya pili ni ahadi.

Na ukinunua mitumba, nenda na GPU-Z kwenye flashi. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kuwa kadi mpya zenye memori kubwa. GPU-Z hutambua nyingi za namna hiyo na kuziwekea alama waziwazi. Muuzaji akikukatalia kuchomeka flashi, amekujibu tayari.

Sasa nyinyi wa 8K

Msidhani nimekuja kuwapigia makofi. Nusu ya vilio vya "kadi yangu ni ndogo" vinatoka kwa watu walioweka tekscha ya 4K kwenye kijiko. Kwenye kabichi. Kwenye ndoo iliyo nyuma ya nyumba ambayo hakuna mtu atakayeiendea.

Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Tekscha moja ya 4K ina pikseli mara nane ya skrini yako nzima. Ya 8K ina mara 32. Kijiko kile, hata ukikiinua hadi puani, hakiwezi kuonyesha pikseli ambazo skrini haina. Unalipa megabaiti 21 kuhifadhi maelezo ambayo macho yako hayatayaona hadi siku ya kufa. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Milima, ardhi, barabara na miamba, hapo 4K ina maana, kwa sababu inatandazwa sehemu kubwa na unaitazama muda wote. Wahusika unaozungumza nao uso kwa uso, 2K inatosha vizuri, na 4K kwa ngozi ya mhusika wako kama huwezi kujizuia. Vyombo, chakula, vitabu na takataka, 1K. Programu kama Cathedral Assets Optimizer itakupunguzia faili kwa mkupuo usiku mmoja ukiwa umelala. Hakuna kadi duniani itakayotibu uvivu wa kupanga. Hata gigabaiti 24 hujazwa na mtu asiyechagua.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza: "Kama tekscha zinaweza kupunguzwa, kwa nini nilipie memori?" Kwa sababu kupunguza kuna mwisho. Ukishatoa upuuzi wote, kinachobaki ndicho ulichokitaka tangu mwanzo, na hicho kinahitaji nafasi. Diyeti haimaanishi ukae na njaa.

Ya pili: "Programu za kupima huonyesha memori iliyotengwa, si inayohitajika." Kweli kabisa, na ni hoja nzuri. Gemu ikiona nafasi huichukua. Kwa hiyo usitazame namba moja peke yake. Tazama ile memori ya kushirikiana: memori ya kadi ikiwa imejaa, na ya kushirikiana ikipanda kila unapoingia mjini huku kigugumizi kikianza, umegonga ukuta. Ikiwa imetulia, hujagonga, na acha kunung'unika.

Ya tatu: "ENB inakula chipu." Naam, inakula, na nzito inakula sana. Ndiyo maana nikasema kasi ifuate, sikusema itupwe. Kadi dhaifu yenye memori nyingi ni ghala lenye mlango wa sindano. Lakini ENB nyepesi zipo, na Community Shaders ipo pia. Gigabaiti nyepesi haipo.

Ya nne nawaongezea mimi mwenyewe, maana wengi huisahau: si kila mkwamo ni wa kadi. Skyrim yenye watu wengi, vitu vingi na maandishi mengi ya Papyrus huielemea prosesa. Ukiona GPU inafanya kazi asilimia 45, memori yake haijajaa, na bado fremu ziko 35, usikimbilie kununua kadi. Utatoa pesa na fremu zitabaki 35.

Basi nunua hivi

1. Piga hesabu kwanza. Kadiria tekscha zako kwa jedwali la hapo juu, kisha weka kando gigabaiti 2 hivi kwa vivuli, fremu, ENB na Windows. Ukikaribia ukomo wa kadi, panda daraja moja.

2. Kama tayari una kadi ya gigabaiti 6 au 8, usiitupe. Baki na 2K na 1K, skrini ya 1080, na utacheza vizuri. Ugomvi wangu ni na anayekuuzia 8 leo kwa bei ya leo kwa kazi hii.

3. Kama unanunua leo kwa ajili ya modi nzito, anzia 12. RTX 3060 ya gigabaiti 12, hata ya mitumba iliyokaguliwa, bado ni chaguo la heshima. Soma namba kwenye boksi, hakikisha si ile ya 8.

4. Kama skrini yako ni ya 1440 au 4K, au unataka PBR kila mahali, tafuta 16. Kati ya matoleo mawili ya jina moja, chukua lenye memori kubwa, hata kama utangoja mishahara miwili.

5. Zaidi ya 16 kwa Skyrim pekee, kwanza nionyeshe vijiko vyako.

6. Angalia umeme na njia. RTX 3060 hula wati 170 na huhitaji waya wake wa umeme. Kompyuta nyingi za ofisi za mitumba hazina waya huo wala nguvu hiyo. Wenye boksi hizo wana RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya wati 70, isiyohitaji waya. Epuka RX 6400 kwa kazi hii: gigabaiti 4 na njia 4 tu za PCI Express, yaani ukuta uko karibu na mlango wa kutorokea ni mwembamba.

Mtaniambia ni gemu tu, kwa nini nipandishe presha. Mimi naiona hivi. Skyrim imeishi zaidi ya miaka kumi si kwa sababu kampuni iliinyunyizia maji, ila kwa sababu watu wasiolipwa walikaa usiku wakitengeneza milango, nyimbo na mawe, wakawapa wengine bure. Mtoto wa Eldoret anaweza kuufungua ulimwengu huo na kuubadilisha kwa mikono yake, na wengi niliofanya nao kazi walianza kuandika programu kwa njia hiyohiyo, wakihangaika na modi zilizogoma. Mtu wa namna hiyo akija kuuliza anunue kadi ipi, ana haki ya kupewa jibu la gemu yake.

Kwa hiyo safari ijayo ukisikia "zinatosha", toa kalamu. Tekscha ngapi, ukubwa gani, skrini gani? Akishindwa kujibu hayo matatu, huyo anauza, hashauri.